Weupe, Uzito na Mng'ao Si Vipimo vya Karatasi ya Picha

Ingia kwenye duka lolote la vifaa vya picha, Kariakoo au River Road, uulize karatasi nzuri ya kuchapia picha za maonyesho. Jibu utalijua kabla muuzaji hajafungua mdomo. Atakutolea iliyo nyeupe pepepe. Ataipinda kidogo mbele yako uone ilivyo ngumu na nzito. Ataigeuzageuza kwenye mwanga ili imetemete. Akiona bado unasita, atakusomea maneno ya kwenye pakiti: pamba asilimia 100, miaka 100 bila kupauka. Wapiga picha nao wameipokea imani hiyo na kuifundishana, kwenye warsha na kwenye vikundi vya WhatsApp, mpaka imekuwa kanuni: nyeupe kuliko zote, nzito kuliko zote na inayong'aa kuliko zote ndiyo bora kuliko zote, na mwenye fedha ashike hiyo moja achapie kila kitu.

Naipinga kanuni hiyo, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Weupe upo, uzito upo, mng'ao upo, na kila kimoja kina kazi yake. Kosa ni kuvigeuza kuwa vipimo vya ubora. Karatasi haina ubora wa peke yake. Inakuwa bora kwa picha fulani, itakayotundikwa mahali fulani, kwenye mwanga fulani na hewa fulani. Fundi cherehani anayeijua kazi haanzi na kitambaa ghali kuliko vyote dukani. Huanza na mwili wa mteja na shughuli anayoiendea. Mpiga picha anayeanza na pakiti, kisha ndipo atafute picha ya kuichapia, ameanzia mwisho.

Nianze na weupe, maana ndio unaodanganya macho upesi. Nyuzi za karatasi, ziwe za pamba au za mti, kwa asili zina rangi ya maziwa yaliyopoa. Weupe ule unaoelekea bluu huletwa na kemikali za kung'arisha, jamii ile ile inayotiwa kwenye sabuni ya unga ili shati jeupe lionekane jeupe zaidi. Kemikali hizo hufyonza mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho halioni, na kuirudisha kama mwanga wa bluu ambao jicho linauona. Kazi hiyo zinaifanya kweli. Tatizo ni kwamba hazidumu. Mwanga na hewa huzichosha, na mwaka baada ya mwaka karatasi hurudi kwenye rangi yake ya asili, huku wino uliowekwa juu yake ukibaki ulivyo. Picha uliyoisawazisha rangi juu ya weupe wa bluu sasa imekaa juu ya weupe wa krimu. Anga limefifia, ngozi zimebadilika, na mteja anakulaumu wewe.

Kemikali hizo pia hutegemea taa. Zinahitaji urujuanimno ili ziwake, na balbu nyingi za LED zinazotumika siku hizi majumbani na kwenye kumbi karibu hazitoi urujuanimno kabisa. Karatasi uliyoichagua dirishani, kwenye mwanga wa mchana, ikawaka kama theluji ya Kibo, utaitundika ukumbini chini ya LED na itakuwa karatasi ya kawaida tu. Ukiiweka nyuma ya kioo kinachochuja urujuanimno, yatakuwa yale yale. Umelipia weupe ambao mtazamaji hatauona.

Kipimo chake ni rahisi na kipo kila mtaa: taa ya kukagua noti bandia. Noti nyingi hutengenezwa kwa karatasi ya pamba isiyotiwa king'arishi, ndiyo maana chini ya taa ile noti halali hubaki na giza na alama zake maalumu tu ndizo huwaka. Mwombe mwenye duka uweke kipande cha karatasi yako chini ya taa hiyo. Ikiwaka bluu, umejua inachobeba. Ikibaki na giza, weupe unaouona ni wake mwenyewe na hautaondoka.

Utaniambia kwamba karatasi isiyotiwa king'arishi ni ya manjano, inafanya picha ionekane kuukuu. Hayo ni matokeo ya kulinganisha karatasi mbili kwenye kaunta, na hapo muuzaji anakushinda, kwa sababu weupe mkali huifanya kila karatasi iliyo kando yake ionekane chafu. Ukutani picha haina jirani wa namna hiyo. Jicho hulichukua eneo angavu kuliko yote ndani ya fremu na kulihesabu kuwa ndilo jeupe. Sharti ni moja: mwambie fundi fremu asizungushie picha hiyo kadi nyeupe pepepe. Kadi na karatasi vikiwa na joto moja la rangi, hakuna mgeni atakayesema ukuta wa matumbawe wa Mji Mkongwe una manjano, wala uso wa bibi kizee uliochapwa kwa nyeusi na nyeupe. Ataona ukuta, ataona uso.

Tuje kwenye uzito. Karatasi hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Ile ya fotokopi ina gramu 80. Photo Rag ya Hahnemühle, kiwanda cha Kijerumani kilichoanza mwaka 1584, huuzwa sana kwa gramu 308, na namba hiyo imekuwa kama cheo: chini ya 300 hakuna anayetaka kusikia. Lakini nenda Nara, nchini Japani, kwenye hazina ya Shosoin. Humo zimo daftari za kaya za mwaka 702, zilizoandikwa kwenye karatasi nyembamba ya Kijapani. Zimevuka karne kumi na tatu. Na leo hii kiwanda cha Awagami nchini humo kinatengeneza kwa ajili ya printa za inkijeti karatasi ya nyuzi za mti wa kozo yenye gramu 70, nyepesi kuliko ya fotokopi. Inabeba picha ya ukungu, ya maji au ya kitambaa kwa upole ambao bamba la gramu 308 haliwezi kuufikia.

Kinachoua karatasi ni asidi, na ni lignini, ile gundi ya asili ya mti inayolifanya gazeti ligeuke kahawia baada ya muda mfupi juani. Karatasi nzito yenye lignini itakufa; nyembamba iliyosafishwa na kutiwa kalisi kaboneti ya kuzima asidi itaishi. Mizani haikwambii lolote kati ya hayo.

Uzito una faida yake. Karatasi nene haikunjamani wino ukiwa mwingi, na picha itakayoshikwa mikononi, kwenye boksi la kazi za msanii, hupata heshima mtu akiinyanyua. Lakini picha nyingi tunazozichapa zinaishia kwenye fremu, nyuma ya kioo, juu ya ubao. Nani atazishika? Tena karatasi nene ina masharti. Printa nyingi ndogo haziipokei, au huipokea kwa njia ya nyuma, karatasi moja moja. Kichwa cha kuchapia kikiwa hakijainuliwa, kitaparuza ukingo wake na kuacha mistari ya wino. Kabla ya kuuliza gramu za karatasi, uliza kwanza printa yako inameza gramu ngapi.

Sasa mng'ao, ngome kuu ya wapinzani wangu. Hoja yao ni nzito na sitaki kuipunguza. Wanasema karatasi inayong'aa hutoa weusi wa kina zaidi, na sisi tunapiga picha za watu weusi, kwa hiyo tunauhitaji weusi huo kuliko yeyote. Sehemu ya kwanza ni kweli tupu. Karatasi inayong'aa ikichapwa vizuri, eneo lake jeusi kabisa hurudisha karibu nusu asilimia tu ya mwanga unaoliangukia. Isiyong'aa hurudisha kama asilimia mbili na nusu. Tofauti hiyo ni mara tano, na mtu mwenye macho ataiona.

Ataiona wapi, basi? Ataiona chumbani ambamo taa imeelekezwa kwenye picha peke yake. Nyumba zetu na kumbi zetu nyingi zina madirisha makubwa, milango wazi, mwanga wa nje unaoingia kutoka pande mbili. Uso laini unaong'aa, sawasawa na kioo cha kawaida, hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga ulio mbele yake kama kioo cha kujitazamia. Asilimia 4 ya dirisha la saa sita mchana ni mwanga mwingi mno kuliko nusu asilimia ya weusi uliyoilipia. Dirisha litaketi juu ya shavu la bwana harusi na weusi wako wote utazama humo. Uso usiong'aa huutawanya mwanga huo. Weusi wake si wa kina sana, lakini unaonekana kutoka pembe yoyote ya chumba, na usipowekewa kioo hauna dirisha hata moja ndani yake.

Sehemu ya pili ya hoja yao siikubali kabisa. Ngozi nyeusi haikai kwenye weusi wa mwisho. Uhai wake uko kwenye ngazi zilizo juu kidogo ya hapo: kahawia inayopanda taratibu kwenye paji la uso, wekundu ulio chini ya jicho, kivuli cha shingo ambacho bado kina rangi. Ngazi hizo huhifadhiwa na mchapaji aliyefungua vivuli vya faili lake na kutumia profaili sahihi ya printa, wino na karatasi ile. Picha ya uso mweusi iliyozibwa vivuli itazibwa kwenye karatasi yoyote, na mng'ao utaongeza tu uwazi wa kosa. Nimeziona picha za wazee wa pwani zikiwa kwenye karatasi ya pamba isiyong'aa, na mikunjo ya nyuso zao ilisomeka kama maandishi. Weusi wa kina wa pakiti haukuhitajika hata kidogo.

Sitetei karatasi isiyong'aa kwa kila picha. Nikifanya hivyo nitakuwa nimejenga kanuni mbovu ya pili. Taa za Forodhani usiku zikiakisiwa majini, kanga mpya juani, ngalawa dhidi ya bahari ya buluu kali: picha hizi zinadai rangi iliyojaa na weusi wa kina, na hapo karatasi ya barita, yenye tabaka la salfeti ya bariamu na mng'ao wa wastani, hufanya kazi ambayo karatasi isiyong'aa haiwezi. Pasipoti na albamu za harusi zinazopita mkono kwa mkono zinafaa kabisa kwenye ile karatasi ya plastiki ya studio, kwa kuwa haiogopi vidole. Lakini tuijue ilivyo: ni karatasi ya mti iliyofunikwa plastiki mbele na nyuma. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kuiita karatasi ya sanaa kwa sababu inameremeta ni kumdanganya mnunuzi.

Linabaki lile neno la kwenye pakiti: pamba, miaka 100. Pamba ni nyuzi safi, haina lignini, na sifa zake ni za haki. Lakini sifa hizo zimegeuzwa kuwa ukiritimba. Mti ukisafishwa vizuri hubakisha selulosi ya alfa, na karatasi yake ikizimwa asidi hudumu pia. Hahnemühle hiyo hiyo inayouza Photo Rag ya pamba huuza German Etching ya selulosi ya alfa, gramu 310, na wasanii wa michoro na picha huipenda kwa uso wake wenye chembechembe. Canson ya Ufaransa huuza Baryta Photographique ya selulosi ya alfa kando ya Platine Fibre Rag ya pamba. Viwanda vyenyewe havisemi kwamba moja ni karatasi na nyingine ni takataka. Ni sisi tunaosema.

Na pamba peke yake haijawahi kuiokoa picha. Mwaka 1991 mwanamuziki Graham Nash na mwenzake Mac Holbert walifungua Nash Editions huko Manhattan Beach, California, kwa mashine ya Iris 3047 iliyotengenezwa kwa ajili ya kukagua rangi kabla ya kazi za uchapaji wa kawaida. Waliikata na kuibadilisha ili ipokee karatasi nene ya wachoraji wa rangi za maji. Picha zilizotoka zilikuwa za ajabu, na mashine hiyo leo imo katika makumbusho ya Smithsonian, Washington. Lakini wino wa Iris wa wakati ule ulikuwa wa rangi iliyoyeyushwa, dhaifu mbele ya mwanga, na picha nyingi za mwanzo zilipauka ndani ya miaka michache. Karatasi ilikuwa nzuri, nene, ya heshima; wino ulikimbia ukaiacha.

Mwaka 2000 likaja funzo lingine. Printa ya Epson Stylus Photo 1270 ilisifiwa kwa picha za kudumu miaka mingi, kisha wateja wakaona picha zao kwenye karatasi inayong'aa ya kampuni hiyo zikigeuka rangi ya chungwa, nyingine baada ya wiki chache tu. Vipimo vya mwanga havikuwa na uongo. Kilichosahauliwa ni ozoni iliyo hewani, iliyopenya kwenye vitundu vidogo vya tabaka la karatasi ile na kuula wino wa samawati. Karatasi isiyong'aa ya kampuni hiyo hiyo, kwa wino ule ule, haikudhurika kwa kiwango hicho. Wino mmoja, printa moja, karatasi mbili, hatima mbili. Tangu hapo hakuna mtu makini anayetaja umri wa karatasi bila kuutaja wino wake.

Tena hiyo miaka 100 ilipimwa wapi? Maabara inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo, ya Henry Wilhelm huko Grinnell, Iowa, huhesabu picha iliyoangaziwa luksi 450 kwa saa 12 kwa siku, kwenye nyuzijoto 24 na unyevu wa asilimia 60, na hutoa namba tofauti kwa picha iliyo nyuma ya kioo na iliyo wazi. Ni kazi ya kuheshimiwa, na Wilhelm hafichi masharti yake. Wanaoyaficha ni wanaotunukulia namba bila masharti. Unyevu wa Mombasa, Tanga na Unguja mara nyingi hupita asilimia 70, na mchana wa baraza letu hauijui luksi 450. Katika hewa hiyo wino wa rangi iliyoyeyushwa huvuja kingo, ukungu huanza nyuma ya fremu, na picha inayong'aa iliyogusana na kioo hunata humo isibanduke tena. Kwa mtu wa pwani, wino wa pigmenti (wa chembe za rangi zisizoyeyushwa), kadi inayoitenga picha na kioo, na ukuta usiopigwa na jua vina thamani kuliko namba yoyote ya pakiti.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: mteja ndiye anayetaka kung'aa. Mteja anataka alichoonyeshwa. Miaka yote studio zimemwonyesha aina moja, na sasa tunaitaja aina hiyo kuwa ndiyo ladha yake. Mchapie picha yake ileile kwenye karatasi mbili, zitundike ukutani zote mbili, msimame naye hatua tatu nyuma. Akichagua inayong'aa baada ya hapo, amechagua kweli, na mpe. Kabla ya hapo hakuwa na cha kuchagua.

La pili: karatasi za sanaa ni ghali, haya ni mazungumzo ya matajiri. Ni kinyume chake. Kanuni ninayoipinga ndiyo ya matajiri, kwa sababu inamtuma kijana anunue pakiti kubwa ya karatasi nzito na ghali kuliko zote, kisha anagundua haifai kwa nusu ya kazi zake. Ninachokisema mimi kinaanza na pakiti ya sampuli, ambayo viwanda vingi huuza ikiwa na karatasi mbili mbili za kila aina. Kinaendelea na faili moja unalolijua vizuri, lenye uso wa mtu mweusi, kivuli kirefu, anga na kitu cheupe. Lichape kwenye kila sampuli kwa profaili yake, ukichagua kwenye printa aina sahihi ya karatasi na wino mweusi unaoendana nayo, kwa kuwa weusi wa karatasi inayong'aa na weusi wa isiyong'aa ni wino mbili tofauti. Acha picha zikauke hadi kesho yake. Kisha zipeleke mahali zitakapotundikwa na uziangalie hapo, mchana na usiku. Wengi watakuta karatasi mbili zinatosha maisha yao yote ya kazi: moja isiyong'aa kwa nyuso, kuta na ukungu, moja ya barita kwa bahari, usiku na rangi kali.

Haya si mambo madogo. Simu zetu zimejaa picha ambazo hazitachapwa kamwe, na zile chache zitakazochapwa ndizo wajukuu watakazozikuta. Zitakuwa ushahidi wa nyuso zetu na miji yetu. Tukiziamua kwa kipimo cha kaunta, zitabadilika rangi, zitanata kwenye vioo, na lawama itakuwa yetu.

Kwa hiyo nawaomba wapiga picha, wachapaji na walimu wa warsha: acheni kuuliza ipi ni nyeupe zaidi, ipi ni nzito zaidi, ipi inang'aa zaidi. Ulizeni picha hii ni ya nini, itakaa wapi, itaangaziwa na nini, na wino gani utaibeba. Asiyeweza kujibu maswali hayo manne hajafika kwenye hatua ya kununua karatasi, hata akiwa na fedha za kununua duka zima.